Nakala ya Jumatatu

Wewe, mgonjwa akikwambia sindano hii inamdhuru, unamchoma ya nini? Shanwe nzima hakuna aliyethubutu kumuuliza Masunga swali hilo. Walimwita daktari. Hakuwa daktari, wala hakuwahi kuwasahihisha.

Nyanzala, mwanamke mgonjwa wa Kasekese, alifia kwenye benchi la zahanati ya Masunga, chumba cha mbele cha nyumba yake, Jumanne moja ya mwaka tisini na saba. Asubuhi hiyo nesi Imakulata alikuwa ameandika kwenye kompyuta: *Kristapeni inamdhuru.* Masunga hakusoma. Alimchoma sindano hiyo mwenyewe.

Jioni akamgeukia mkewe Theopista, msomi wa Mlimani, ambaye kila Jumatatu alinakili kompyuta nzima kwenye diski thelathini na nane.

"Mama Agape, irudishe ilivyokuwa jana."

Akairudisha, diski moja baada ya nyingine, mpaka Jumanne ikawa haijawahi kuwapo. Polisi hawakuona onyo lolote, wakambeba Imakulata kwa kosa la kutoandika. Majirani waliambiwa kompyuta iliingiwa na virusi. Neno la kisomi hilo, wakatikisa vichwa.

Ijumaa mchana, jenereta imezimwa, kompyuta ikakohoa.

Kikohozi kikavu, cha mwanamke. Kisha ikaja harufu ya spiriti na udongo mbichi. Theopista akaona vitufe vinabonyea vyenyewe, kimoja kimoja, kama vya mtu asiyezoea, na kioo kisicho na umeme kikawaka: *Kristapeni inamdhuru.* Chini yake: *Nilimwambia.*

Akawasha jenereta, akairudisha tena nakala ya Jumatatu. Maneno yakarudi kabla hajaitoa diski ya mwisho.

Masunga akamleta mganga Makoye.

"Jini la mto Ugalla hili," Makoye alinong'ona. "Linataka mbuzi mweusi."

Kila jini la Makoye lilitaka mbuzi mweusi. Akafukiza, akaimba, akaifunika kompyuta kaniki, na chini ya kaniki vitufe vikaendelea, ta, ta, ta, haraka zaidi, na kikohozi kikapanda juu ya wimbo wake na harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka Theopista akahisi anautafuna, hadi mganga akadondosha kibuyu chake.

"Mzee, mbuzi wako baki naye. Majini yangu hayajui kuandika."

Alipotoka alipishana mlangoni na mama yake Imakulata, kanga kichwani, viatu mkononi.

"Daktari, kesho wanampeleka mwanangu gerezani Sumbawanga. Ananiapia aliandika. Nyie si mna mashine? Itazameni basi, hata mara moja."

"Ni virusi, mama," Masunga alisema. "Vilikula kila kitu. Muulize msomi hapa."

Mama yule akamgeukia Theopista. Chini ya kaniki vitufe vikanyamaza, kama mtu aliyeinua kichwa kusikiliza.

"Mama Agape," Masunga alinong'ona. "Tafadhali."

Theopista akaivuta kaniki.

"Hakuna virusi, mama. Imakulata aliandika. Mimi ndiye niliyefuta."