Mipapai Miwili Minene

Kila asubuhi, kabla ya chai, Eliana alibeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi kona ya uwanja wao pale Mwankoko, ambako mipapai sita ilimsubiri kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Aliimwagilia kwa kopo, mmoja baada ya mwingine. Bibi yake, Severina, alimtazama akiwa kwenye kigoda, akipepeta uwele.

"Polepole, mke mwenzangu," Bibi alisema. "Unamwagilia mti, huzimi moto."

Kazi hiyo Eliana alijitakia mwenyewe. Babu alipofariki, Bibi alihama Ikungi akaja kuishi nao, na katika mizigo yake kulikuwa na mbegu chache za papai. Baba alitaka kupanda miche ya kisasa ya dukani, mifupi, inayozaa upesi na isiyohitaji dume. Lakini maji yalitosha aina moja tu.

"Wewe ndiye utakayemwagilia," Baba alimwambia Eliana. "Chagua."

Eliana akakumbuka likizo za Ikungi: asubuhi zenye upepo wa baridi, Babu akipasua papai kwa kisu chake cha machungani, nyama yake nyekundu, tamu hadi vidole vinanata, na kuku wakigombania mbegu miguuni pao. Nyumba ile sasa ina watu wengine. Akachagua mbegu za Bibi.

Bibi alifurahi, ila akaonya. "Papai letu lina dume na jike, na mche ukiwa mdogo huwezi kuujua. Usipunguze hata mmoja mpaka itoe maua. Mbegu nyingine sina."

Wakati wa mvua Eliana alikuwa mkulima hodari kupindukia. Mvua zilipokata, uhodari nao ukakata. Jumapili moja, Bibi akiwa kanisani, Eliana aliitisha mkutano mkuu wa mipapai, yeye akiwa mwenyekiti, katibu na mjumbe pekee. Mkutano uliamua kwa kauli moja kwamba miwili minene ibaki, na minne iliyokonda iondoke. Akaing'oa na udongo wake, akampelekea Rashmi, mwanafunzi mwenzake, ambaye mama yake alikuwa na duka la vitambaa mjini na uwanja nyuma ya duka.

"Ya bure?" Rashmi alishangaa. "Una homa?"

"Ni ukarimu tu," Eliana alijibu kwa unyenyekevu mkubwa.

Bibi aliporudi aliuliza mingine iko wapi.

"Mbuzi, Bibi. Mbuzi wa Babu Mazengo."

Mbuzi hakuitwa kujitetea. Akahukumiwa siku ile ile.

Mzee Mazengo, Mgogo kutoka Manyoni, alikuwa jirani yao na mtani wa Bibi. Kila jioni walikuwa wakitaniana penye ua uliotenganisha nyumba zao. "Mnyaturu gani wewe, ugali wako unasikika ukilia sufuriani!" "Nyamaza, Mgogo, hata ng'ombe wako wanakucheka!" Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini baada ya kesi ya mbuzi, walianza kusalimiana kwa adabu. "Habari za jioni, mama?" "Nzuri, mzee." Basi. Eliana aliposikia adabu ile, aliacha chakula, akaenda kulala.

Mwezi wa saba mipapai miwili ikatoa maua, vishada virefu vinavyoning'inia. Bibi alivigusa kwa kidole.

"Madume," alisema. "Yote mawili." Kisha akasema taratibu, "Basi, papai la Ikungi limeishia hapa." Akaingia ndani, akauacha uwele wake kwenye ungo.

Jioni ile Mzee Mazengo alibisha hodi, kofia mkononi. "Mama, nimesikia. Kesho yule mbuzi nampeleka mnadani. Siwezi kukutazama usoni na yeye yupo zizini."

Eliana akasimama mbele yake. "Babu, usimuuze. Hakula kitu. Mimi ndiye niliyeing'oa. Nilichoka kubeba maji."

Mzee Mazengo alimkazia macho. "Siku zote hizi nimemfunga kamba fupi, namsema asubuhi na jioni! Kesho utamwomba radhi."

"Nitamwomba, Babu."

"Kwa sauti, majirani wasikie."

Bibi hakucheka. "Uliitupa wapi?"

"Sikuitupa, Bibi. Nilimpa Rashmi."

Kesho yake, baada ya mbuzi kuombwa radhi kwa heshima zote, Bibi na Eliana walikwenda mjini. Mama Rashmi aliwapeleka nyuma ya duka.

"Shikamoo, Bibi. Hii mipapai inatuchezea. Inatoa maua, maua yanadondoka, matunda hakuna."

Bibi aliinama. Maua yalikuwa manono, yamegandamana na shina. Akaanza kucheka. "Majike, mwanangu! Majike manne, na waume zao wako Mwankoko!"

Tangu siku hiyo, Eliana alichuma maua ya madume kila asubuhi, akayapeleka mjini kwenye kopo, akayagusisha katikati ya maua ya majike kama Bibi alivyomwonyesha. Njiani wenzake walimpigia kelele: "Mshenga huyo! Mahari imelipwa?" Eliana alikaza mwendo.

Matunda yakashika. Papai la kwanza lilipoiva, Rashmi alilileta mwenyewe. Bibi alilipasua, akampa Mzee Mazengo kipande cha kwanza.

"Kula, Mgogo. Meno yako mawili yanatosha."

"Afadhali mawili yangu, Mnyaturu, kuliko hayo yako ya kukopa!"

Eliana hakuwahi kusikia matusi matamu kama yale. Bibi alitafuna macho yamefumbwa, muda mrefu, kama mtu aliyefika nyumbani. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Kuchoka si kosa, mke mwenzangu. Ungesema umechoka, tungesaidiana ndoo. Ungesema umeing'oa, tungeifuata siku ile ile. Ulipodanganya, mbuzi alifungwa, jirani yangu akaona aibu, nami nikalia peke yangu chumbani, na dawa ilikuwa mjini muda wote."

Eliana aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi. Mbegu hizi nipande ngapi?"

"Zile tu utakazoweza kuzibebea maji," Bibi alisema, akamkatia kipande kikubwa.