Wiki ya Kusimamisha Jiwe

Walikutana kwenye duka la mapipa, Brooklyn, Jumamosi moja ya Novemba, siku ambayo kila mtu wa visiwa vya Karibi anasukumana pale ili pipa lake la vitu vya nyumbani liwahi meli ya Krismasi. Velda Quashie alikuwa na koti jekundu, kilemba cha manjano, na pipa ambalo kifuniko chake kilikataa katakata kufunga.

"Dada, pipa limeshiba hilo," mwanaume mmoja akamwambia. "Punguza mchele."

"Nipunguze mchele, mama mkwe anichinje? Kama una nguvu njoo ulikalie. Kama huna, nipishe."

Akalikalia. Alikuwa Alston Bascombe, fundi wa lifti, mtu wa Barbados mwenye mabega kama mlango, na kifuniko kikafunga kwa kishindo. Watu wakapiga makofi. Yeye akabaki pale pale juu, mikono kifuani.

"Sishuki mpaka nipewe namba ya simu."

"Basi utasafirishwa na mchele mpaka Carriacou, shauri yako!"

Lakini namba alimpa. Kuanzia hapo Velda akaitwa Pipa, na Alston akaitwa Kifuniko, na walipendana miaka miwili kwa namna ambayo ilitia wivu hata waliooana.

Mara mbili Alston aliomba wafunge ndoa. Mara mbili Velda alijibu, "Norris hajawekewa jiwe."

Norris alikuwa mumewe, aliyefariki miaka sita nyuma. Kwetu kisiwani Carriacou maiti huzikwa siku yake, ila jiwe la kaburi husubiri, hata miaka kumi, mpaka ukoo ujikusanye, uchinje na upike. Kabla ya siku hiyo marehemu bado ni mtu wa nyumbani, na mjane wake bado ni mke. Hatuna mchezo na hilo.

"Mwezi wa nne twende wiki nzima," Velda alimwambia. "Tuogelee, tule kombe wa kuchoma. Ijumaa jiwe linasimama. Jumamosi niulize tena."

"Na Jumamosi utasema nini?"

"Uliza Jumamosi, bwana wee! Mbona una haraka kama lifti iliyokatika kamba?"

Alston akanunua pete, akaificha ndani ya soksi. Maskini ya Mungu, alinunua na shati la maua.

Jumapili walishuka gatini Hillsborough, mji wa Carriacou. Mama Eufemia, mama yake Norris, alikuwa anawasubiri na gauni lake jeusi na fimbo, miaka themanini na mitatu, mgongo umenyooka. Akalitazama shati la maua kuanzia kola mpaka kifungo cha mwisho.

"Shikamoo, mama," Alston akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekalia pipa langu?"

"Ndiyo, mama."

"Asante. Mchele ulifika salama. Mgeni atalala nyumba ya wageni, kule ufukweni. Velda atalala kwake."

Kwake maana yake chumbani kwa Norris. Basi Alston akalala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili, na Jumanne akapiga simu.

"Pipa langu, likizo gani hii? Jua kali, bahari ile, na mimi nahesabu mijusi ukutani."

"Vumilia, Kifuniko. Nachambua mbaazi."

"Jana mbaazi, leo mbaazi!"

"Watu mia mbili watakula hapa. Wewe nenda kaogelee."

"Na nani?"

"Na samaki!"

Velda alicheka, lakini alikata simu kabla kicheko hakijaisha, na Alston hakupenda.

Jumatano Velda alitoroka kwa muda wa saa moja, gauni la bluu na miguu peku, wakaingia majini pamoja. Velda alimkumbatia shingoni akalia.

"Una nini, roho yangu?"

"Maji ya chumvi tu."

Velda alikuwa na neno la kumwambia siku ile. Lilifika kwenye meno likarudi. Akamwomba wakae majini kidogo tena, wakakaa mpaka vidole vikasinyaa.

Alhamisi jiwe lilikuja na meli kutoka Grenada. Likalazwa juu ya kitanda cha Norris na kufunikwa shuka jeupe, na Velda akalala mkekani pembeni yake, kama ipasavyo. Asubuhi ya Ijumaa ngoma zikaanza, ugali wa mbaazi ukatokota, na kati ya wabebaji sita mmoja akaja ameshika kiuno, mgongo umemkatalia. Mama Eufemia akanyoosha fimbo.

"Mgeni yule ana mabega. Ashike kichwani."

"Mama, si yeye!" Velda alisema haraka. "Tafuta mwingine, tafadhali."

"Pipa alilimudu, jiwe ndilo litamshinda?"

Alston alifurahi. Alidhani amepokelewa. Alishika upande wa kichwani, shati jeupe limepigwa pasi, na walipofika kwenye mwinuko wa makaburini upepo wa baharini ukalifunua shuka.

Akasoma. NORRIS QUASHIE, na miaka yake. Chini yake: NA MKEWE VELDA. Mwaka wa kuzaliwa, kistari, na baada ya kistari jiwe tupu, laini, likingoja.

Jiwe likainama upande wake.

"We mgeni, unatuangushia marehemu!" wa nyuma yake akafoka.

Akakaza mikono. Alilifikisha.

Pale kaburini Mama Eufemia alimwaga ramu yetu, kali mpaka barafu huzama ndani yake, akaita majina ya wafu wa nyumba yake. Kila jina lilipita kimya. Akaita, "Norris!" Kimya. Halafu, bila kugeuza uso, "Velda!"

Aliye hai akiitika hapo, amekubali kubaki wa marehemu. Alston alimtazama Velda ng'ambo ya jiwe, kwenye gauni lake jeupe. Usiitike, alimwomba moyoni. Mpenzi wangu, nakusihi, usiitike.

Velda akaitika.

"Abee, mama."

Ngoma zikapigwa.

Jumamosi walisimama gatini, sanduku moja tu miguuni, la Alston.

"Ni mimi niliyemwagiza fundi achonge na jina langu," Velda alisema. "Wiki ile ya msiba. Nilijiona nimekufa na mimi. Nilipokupata nikampigia simu afute. Akaniambia jina likishachongwa halifutiki, labda jiwe livunjwe. Na mama kila siku ananiuliza, mwanangu, jiwe lini?"

"Ungeniambia."

"Ungekuja?"

Alston alitazama meli. Kisha akasema, "Jiwe ni jiwe, Velda. Brooklyn hakuna jiwe."

"Si jiwe. Nilimwona mama anavyongoja, peke yake, hana mtoto mwingine. Kinywa kikaitika chenyewe." Akafuta macho kwa mkono. "Leo Jumamosi. Mbona huniulizi?"

"Nimekusikia ukiitika."

"Niulize hivyo hivyo."

Mkono wa Alston uliingia mfukoni, ukaigusa pete, ukabaki humo. Viganja vyake vilikuwa bado vimechubuka.

"Ukisema hapana, sijui nitaishije. Ukisema ndiyo, nitakuwa nimemwibia mtu niliyempeleka mimi mwenyewe kulala, kwa mabega haya. Siwezi, Pipa langu. Nilijaribu usiku kucha, siwezi."

Alston akachukua sanduku, akapanda meli. Meli ikapiga honi. Velda alimpungia mkono mpaka akawa hatofautishi tena kichwa kipi ni cha Alston, kisha akarudi kuosha masufuria.

Novemba ilipofika alikuwa tena kwenye duka la mapipa, koti lile lile jekundu. Kifuniko kilikataa. Kijana mmoja wa dukani akamuuliza, "Nikikalie, dada?"

"Hapana, mdogo wangu, asante."

Akakiondoa kifuniko, akaingiza mikono yote miwili, akapunguza mchele.