Madoa ya Manjano

Kila Jumatano baada ya masomo, wanachama wa klabu ya sayansi walivaa makoti meupe yaliyowapwaya, wakanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha wakafuta meza za maabara kwa pamba yenye spiriti. Madirisha yalifungwa hata jua likiwaka vipi, kwa sababu Mwalimu hakutaka vumbi. Wa kwanza kumaliza alikuwa Chapuchapu. Jina hilo alipewa na wenzake, naye alilipokea kama sifa, ingawa nusu ya waliompa hawakukusudia kumsifu.

Muhula huo klabu ilikuwa ikitafuta bakteria wa maharage. Kwenye mizizi ya maharage huota vinundu vidogo, na ndani yake huishi bakteria wanaousaidia mmea kukua. Mwalimu aliwataka hao tu, bila mchanganyiko, ili mbegu za bustani ya shule zipakwe kabla ya kupandwa. Mwanafunzi aliponda kinundu, akachovya waya wenye kitanzi uliochomwa kwanza motoni kuua viumbe vyote, akachora mistari juu ya chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli ndani ya sahani ya kioo. Kila mstari mpya ulipunguza bakteria, mpaka mwishoni wakabaki mmoja mmoja, kila mmoja mbali na mwenziwe. Huyo mmoja akizaana hufanya doa linaloonekana kwa macho, na wote waliomo ni ukoo mmoja.

Wengine walifaulu. Sahani ya Chapuchapu na mwenzake wa meza, kila ilipotolewa kwenye kabati la joto walimokuzwa bakteria, ilikuwa na madoa meupe ya bakteria wa maharage na, katikati yake, madoa ya manjano ambayo hakuna aliyeyaalika.

"Tena?" Mwalimu aliiinua sahani kwenye mwanga. "Jamani, nyinyi mnafuga nini humu?"

"Si mimi, Mwalimu!" Chapuchapu alisema. "Mimi waya nauchoma mpaka unakuwa mwekundu. Ni huyu! Anaongea juu ya sahani mwanzo mpaka mwisho. Mate yanaruka."

Huyu alikuwa Msemaji, rafiki yake wa dawati moja tangu darasa la kwanza. Ni kweli, mtoto yule angeweza kupiga soga na kabati. Lakini sasa aliduwaa.

"Mimi? Nikiongea si huwa nageuka kando? Na tena hata juzi—"

"Unamsikia, Mwalimu? Hata sasa hanyamazi!"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Msemaji hakucheka.

Mwalimu alishusha pumzi. Alikuwa amechoka na meza hiyo. "Haya, tujaribu. Leo Chapuchapu atafanya peke yake. Msemaji, kaa barazani, na nisisikie sauti yako. Sahani ikitoka safi, nitajua tatizo ni wewe, na itabidi utafute klabu nyingine."

Msemaji aliipenda klabu hiyo kuliko kitu chochote pale shuleni. Alivua koti lake, akalikunja vizuri, akatoka. Chapuchapu alimwona akifuta macho, akajifanya anatafuta kiberiti.

Akaanza kazi. Aliuchoma waya, akaupuliza, akachovya, akachora. Akauchoma tena, akaupuliza, akachora. Alifunika sahani wenzake wakiwa bado kwenye mstari wa pili. Akaenda nyumbani akiwa na hakika kabisa.

Jumatano iliyofuata sahani ilitolewa. Madoa ya manjano yalikuwamo, tena mengi kuliko mwanzo.

"Haiwezekani!" Chapuchapu alipiga meza. "Hii jeli haikuchemka. Au kabati halifungi. Au mfagizi ametimua vumbi!"

"Na mimi je? Mbona hujanitaja?" Mwalimu aliuliza. "Labda nimeyatia mimi kwa kijiko! Wenzako wametumia jeli ya sufuria hiyohiyo, kabati hilohilo na mfagizi huyohuyo. Kaa hapo. Fanya tena, nikikuangalia."

Chapuchapu alikaa, hasira zikiwa juu. Mara kioo cha dirisha kikagongwa. Nje alisimama Msemaji, ambaye bado hakuruhusiwa kuingia, mashavu yamevimba kama mpira, kidole kimoja mdomoni, kingine kikielekezwa kwenye waya.

"Mwalimu, ananidhihaki! Muone anavyojivimbisha!"

"Toka hapo dirishani!" Mwalimu alifoka.

Msemaji akatikisa kichwa na kuvimbisha mashavu tena. Akapumua kwa nguvu mpaka kioo kikaingia ukungu. Aliamriwa asitoe sauti na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa ametii.

"Achana naye," Mwalimu alisema. "Endelea."

Chapuchapu aliuchoma waya ukawa mwekundu. Akausogeza mdomoni haraka. Fuu! Fuu!

"Hapo hapo!" Mwalimu aliruka. "Unafanya nini?"

"Naupoza. Si ulisema waya wa moto utaua bakteria tunaowataka?"

"Nilisema usubiri upoe! Upoe wenyewe! Ole wangu mimi! Unauchoma mpaka hakuna kiumbe kilichobaki, halafu unautemea mate?"

"Sitemi, Mwalimu. Napuliza tu."

"Na hiyo pumzi inatoka wapi, sikioni?"

"Nyani haoni kundule," mmoja alinong'ona nyuma. Uso wa Chapuchapu uliwaka moto. Wageni wale wa manjano walikuwa wametoka kinywani mwake mwenyewe. Aliona aibu mpaka akatamani koti lile limfunike kichwa.

Alitoka nje, akamfuata Msemaji barazani. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Nilikuona kupitia dirisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia tukirudi nyumbani. Ukasema, 'Wewe na domo lako, niache.'"

Chapuchapu alikumbuka. "Nisamehe, rafiki yangu."

"Ulinisema mbele ya watu wote," Msemaji alijibu. "Kanisafishe mbele ya watu wote."

Chapuchapu alirudi ndani, akasimama mbele ya klabu. Alisema kwamba madoa yalitoka kwake, si kwa Msemaji, bila kujitetea.

Siku hiyohiyo walifanya sahani mpya pamoja. Kila waya ulipochomwa, Msemaji aligeukia ukutani akasimulia kisa cha mjomba wake aliyekwama ndani ya pipa la maji. Kisa kilipofika mahali pazuri, waya ulikuwa umepoa. Chapuchapu aliteseka kwa kungoja, lakini alingoja.

Jumatano iliyofuata Mwalimu aliinua sahani yao kwenye mwanga. Aliigeuza huku na huku. Madoa yote yalikuwa meupe.

"Mbegu zenu zitapakwa kutoka hapa," alisema. Kisha akaiweka chini na kuwatazama wote. "Nami nina kosa. Nilimtoa mtoto nje kabla ya kuwaangalia wote wawili wakifanya kazi. Tulilaumu jeli, tukalaumu kabati na mfagizi. Aliyeshika waya hakuna aliyemchunguza, hata yeye mwenyewe. Jambo likiharibika, wanangu, jichunguze kwanza wewe, mikono yako na kinywa chako. Sahani iliyochafuka tunaimwaga, tunaanza upya. Jina la mwenzako ukilichafua, utalimwaga wapi?"

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Kisha akamsogezea Msemaji kiti karibu na meza.