Fundi Bomba na Uzi Mwembamba

Tuseme ukweli mapema tusije tukasumbuana: siku ile mjinga alikuwa Fundi Bomba.

Duka la vifaa lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Fundi alikuwa kwenye foleni ya koki, ovaroli yake ya buluu ina doa la gundi kifuani kama nishani. Mbele yake alisimama dada wa gauni la kijani, limepigwa pasi likapigika, amekumbatia kijisanduku chembamba cha mbao chenye nyuzi nne.

"Samahani, dada. Hilo gitaa mbona limekonda?"

"Si gitaa, ni dulsima. Unailaza mapajani unaicharaza. Ilikuwa ya marehemu baba. Kigingi kimoja kinateleza, na mimi ndiyo kwanza najifunza, hata kukaza nyuzi sijui."

Mwenye akili angesema pole, akanunua koki yake, akaenda. Fundi aliyatazama yale macho, akasikia mdomo wake ukisema, "Aa, mbona hiyo naipiga tangu utotoni!"

Wakapeana namba, zikaanza simu. Dada alikuwa mkutubi, kutwa anawanyamazisha watu maktabani. Jioni alitaka kuongea.

"Fundi wangu, umekula?"

"Sauti yako inanishibisha."

"Mwongo wewe!"

Fundi alicheka. Kisha Mkutubi alimvumia wimbo aliokuwa akiupiga baba yake. Mama yake angetimiza miaka sabini mwezi ujao, na hakuwa ameusikia tangu mazishi. "Nataka ausikie tena, Fundi. Nisaidie."

Jumamosi Fundi akakaribishwa kwao. Sebule ndogo, mapazia meupe, mama yuko kitini karibu na dirisha, mikono imetulia mapajani, anasubiri. Fundi alishika kigingi cha uzi mwembamba, akafanya alichokifanya miaka kumi na miwili kwenye mabomba: alikaza mpaka kikagoma, kisha akaongeza robo mzunguko, isije ikavuja.

Uzi ukakatika, ukamchapa shavuni.

"Hujawahi kuigusa hii," Mkutubi alisema polepole.

"Nimewahi kuiona. Pale dukani."

"Uzi ule baba aliufunga kwa mkono wake. Lakini uzi ningekusamehe. Mama alikuwa amekaa anasubiri, na wewe ulijua huwezi. Toka."

Wiki mbili simu haikupokelewa. Fundi akamtafuta mwalimu mstaafu wa muziki, mama mmoja mkali ambaye sinki lake lilivuja. Yeye akaziba, mwalimu akamfundisha kwa dulsima yake mwenyewe.

"Legeza mkono, baba! Uzi hauvuji!"

Vidole vilivyozoea spana vikatoka malengelenge. Fundi akang'ang'ana. Siku moja akamtumia Mkutubi ujumbe wa sauti: hakuna neno, ni wimbo ule tu, unachechemea, unafika katikati unakwama.

Simu ikalia.

"Nani amekufundisha kuutesa wimbo wa watu hivyo?"

"Umepokea! Yaani, umepiga! Mpenzi, nisamehe, nilidanganya."

"Najua. Mbona unaishia katikati?"

"Wewe uliponivumia uliishia hapo."

"Baba naye aliishia hapo," alisema, sauti imelainika. "Sehemu iliyobaki siijui. Njoo Jumapili. Na uje na uzi."

Jumapili Fundi alikuja na shati jeupe lililomkaba shingo. Akaufunga uzi kwa ncha za vidole kama anayemfunga mtoto kifungo, akapiga. Alikosea mara mbili. Mama alifumba macho, kidole kikifuata mapigo kwenye mkono wa kiti. Wimbo ukafika katikati, ukanyamaza.

Mkutubi alijifuta machozi kwa kiganja. Fundi akaona hapo ndipo.

"Nioe... yaani, nikuoe. Unakubali?"

"Nitakubali siku utakapoumaliza wimbo."

"Nitaumalizaje, na aliyeujua katangulia?"

"Shauri yako. Si ulisema unapiga tangu utotoni?"

"Nimeshatubu, jamani!"

"Nusu wimbo si wimbo, Fundi. Mimi siolewi na nusu."

"Basi nitautunga huo mwisho!"

"Ndiyo, utunge, utukatie uzi mwingine!"

"Hebu nyamazeni," mama alisema bila kufumbua macho. "Baba yako alikuja kuniposa na nusu hiyohiyo, akaniahidi nyingine kesho yake. Miaka arobaini hakuileta. Ningemgoja amalize, wewe ungezaliwa lini?"