Nililifuta Jina la Baba wa Mke Wangu

Nina umri wa miaka arubaini na minane. Naishi peke yangu Kikwajuni, katika nyumba ya vyumba viwili, na kazi yangu ni ukarani wa mizigo bandarini. Sina mtoto. Mke nilikuwa naye... nikampoteza kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta.

Najua wapo watakaocheka wakisikia kwamba ndoa yangu ilivunjwa na gitaa. Chekeni, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Nilizaliwa Mji Mkongwe, katika ukoo wa asili ya Kiarabu. Zamani babu yangu alikuwa na mashamba, na jina lake lilijulikana mpaka Mkokotoni. Mashamba yalikwisha kabla sijazaliwa, likabaki jina. Kila nilipopita watu walisema, "Huyu mjukuu wa fulani." Hakuna aliyewahi kusema, "Huyu Nassor." Sitaki kujitetea. Nasema tu ili mjue njaa niliyokuwa nayo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimuoa Rukia, mwalimu wa watoto wadogo, binti wa Kiembe Samaki. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na huko baharini mwenzake mmoja alimfundisha kupiga gitaa, muziki ule wa huzuni wa Wamarekani weusi unaoitwa bluzi. Aliporudi Unguja akauchanganya na sauti za taarabu alizokulia nazo, akatoa kitu ambacho mimi sijakisikia kwa mtu mwingine.

Hakuwahi kutia sauti yake redioni. Kanda mbili alizorekodi nyumbani ziliharibika mvua ya masika ilipovuja darini. Kilichobaki duniani ni vidole vya Rukia. Baba yake alimfundisha tangu mdogo, na alikuwa na vipande kumi na kimoja vya baba yake kichwani, kila kimoja kifupi, kama sentensi moja ya maneno.

Kaka zake Rukia walikuwa wakali. Kwao mwanamke aliyeolewa kushika gitaa ni aibu. Kwa hiyo alipiga chumbani, madirisha yamefungwa, na msikilizaji wake nilikuwa mimi tu. Na mimi, kwa kumsikiliza, nikatamani kujifunza. Alinifundisha kwa subira. Nilikuwa mzito!

"Nassor, bwana'ngu," aliniambia siku moja, "uzi huo unaubonyeza kama unakamua ndimu."

Tulicheka sana. Tulikuwa na raha wakati ule... Mungu anajua tulikuwa na raha.

Intaneti ilipoingia mjini nikawa kila Ijumaa baada ya sala napita katika mkahawa mmoja wa kompyuta pale Shangani. Huko ndiko nilikogundua jukwaa la mtandaoni la wapiga gitaa wasio na jina, watu wa kawaida kutoka nchi mbalimbali: dereva wa lori, muuguzi, fundi bomba. Walikuwa wakirushiana vipande vya bluzi na kufundishana. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mstaafu wa Ulaya aliyejiita Mzee wa Posta, kwa kuwa maisha yake yote aligawa barua.

Walikuwa na kanuni moja, na naomba muishike, maana mkasa wote umo humo. Kila aliyeleta kipande alitakiwa kuleta vitu vitatu: sauti, mistari sita yenye namba za kuonyesha vidole viwekwe wapi, na jina la mtu aliyemfundisha. Hili la tatu walilichunga kuliko yote. Walisema vipande hivi havina vitabu, vinatoka mkono kwa mkono, na asiyesema amekipata wapi anakata kamba kwa wote watakaofuata.

Kwanza nilipeleka upigaji wangu mwenyewe. Nikapata majibu mawili. Moja lilinishauri nikaze nyuzi. La pili lilisema labda ni kinasa sauti kibovu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Rukia aliponiuliza nikamsimulia jukwaa lote, pamoja na ile kanuni. Akaniuliza: mtu akipeleka kipande kule, hao wengine wanakipiga? Nikamwambia ndiyo, wanakipiga na kukifundisha kwa wengine. Akauliza tena: na jina linakwenda nacho? Nikasema ndiyo, linakwenda nacho.

Macho yake yalijaa machozi. "Basi vipeleke vya baba," alisema. "Jina langu lifiche, kaka zangu wasije wakaniua. Lakini la baba liandike. Kila kipande, Nassor. Hana kitu kingine."

Nikaapa. Nilimuapia mke wangu!

Tukarekodi kipande cha kwanza kwa redio kaseti, nami nikakaa mbele yake nikiandika namba za vidole vyake katika daftari. Ijumaa nikaenda mkahawani. Nikapandisha sauti, nikaandika ile mistari sita. Nikafika mahali pa jina la mwalimu.

Vidole vyangu vilisimama. Nilijiambia: kwanza waone kama kinapendeza, jina nitaliweka baadaye. Nikaandika, "Nimejifundisha mwenyewe."

Maneno mawili tu... Nani angedhani?

Ijumaa iliyofuata nilikuta majibu yamejaa. Mzee wa Posta mwenyewe aliandika kwamba amesikiliza bluzi miaka hamsini na hajasikia mtu akivuta uzi namna ile. "Wewe ni nani, Nassor wa Zanzibar?" aliniuliza. Wewe ni nani! Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa hamu. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mwili ukinisisimka.

Hapo ningeweza kusahihisha. Ilikuwa sentensi moja. Sikuandika.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonitesa zaidi. Nilichapisha yale majibu, nikayapeleka nyumbani, nikamsomea Rukia. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, hivyo nilimtafsiria. Na katika kutafsiri nikatia jina la baba yake kila mahali walipoandika langu. Walipoandika, "Nassor, una mikono ya ajabu," mimi nilisoma, "Mzee huyo alikuwa na mikono ya ajabu, Mungu amrehemu."

Rukia alilia kwa furaha. Akaniomba nimsomee tena. Nikamsomea tena.

Mambo yakaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Vipande kumi vilikwenda, na vyote kumi vilikwenda kwa jina langu. Rukia alimweleza mama yake, Bi Zuwena, naye akawaeleza majirani kwamba marehemu mumewe anajulikana Ulaya, watu wanajifunza kwake. Akafanya na hitma. Nilikaa mkekani pamoja na wanaume tukimsomea marehemu, kisha nikala pilau. Nilikula vizuri tu! Moyo wa binadamu una kifuniko gani?

Kisha jukwaani likatolewa wazo: kila mwanachama atoe kipande kimoja, Mzee wa Posta avikusanye katika sidii, itiwe na kijitabu cha majina na picha, kila mtu apelekewe nakala kwa posta. Rukia alichagua mwenyewe. Kilikuwa kile cha kumi na moja, alichokuwa hajakitoa. Baba yake alikuwa akikipiga mlangoni kila aliporudi safari, kabla ya kubisha hodi, ili Bi Zuwena aliye ndani ajue ni nani amekuja.

"Mama akikisikia kwenye sidii atazimia," alisema huku anacheka.

Nikakipeleka. Walipoomba picha, nikapeleka yangu, nimepakata gitaa la marehemu.

Nilipanga kulikamata furushi hilo kabla halijafika nyumbani. Mimi ni mtu wa mpango, nina daftari kwa kila jambo. Lakini karani mwenzangu akafiwa Mkokotoni, nikaenda matangani, nikakaa siku tatu. Siku ya pili Rukia alipita posta kuangalia sanduku letu. Furushi lilikuwa limefika.

Hakulifungua. Alilibeba hivyohivyo mpaka Kiembe Samaki, akalifungue mbele ya mama yake. Bi Zuwena akaita majirani. Wanawake wakajaa uwani, kahawa ikapikwa, sidii ikawekwa. Kipande cha mlangoni kikalia. Nimeambiwa Bi Zuwena alinyanyuka akaenda kusimama penye mlango.

Mmoja akasema, "Hebu tusomee na kitabu, mwanangu, tulisikie jina."

Rukia akafungua kijitabu. Akaikuta picha yangu. Chini yake, maneno ambayo hata Kiingereza chake cha kuungaunga kilitosha kuyaelewa: Nassor, Zanzibar, amejifundisha mwenyewe.

Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani, karatasi zote nilizokuwa nikimsomea amezipanga mbele yake.

"Jina langu nilikwambia ulifiche," alisema. "La baba nilikwambia nini?"

Nilitua mkoba wangu sakafuni.

"Nijibu, Nassor."

"Uliniambia niliandike."

"Na hizi ulizokuwa ukinisomea, zimeandikwa nini?"

Nilipiga magoti. Nikamwambia ni shetani, nikamwambia nilitaka kusahihisha, nikamwambia nampenda. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza. Hakupiga kelele, hakutukana. Natamani angetukana! Alichukua gitaa la baba yake na nguo zake chache, akaenda kwao.

Siku ya tatu nilimfuata. Mlangoni nilimkuta Bi Zuwena. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba," kwa kuwa ni mtu wa adabu. Kisha akaingia ndani, akarudi na kile kijitabu, akanitia mkononi.

"Chukua kitabu chako," alisema. "Mimi nilimtafuta mume wangu, hayumo."

Nilikwenda moja kwa moja mkahawani. Nikaandika jukwaani kila kitu: kwamba mpigaji ni mke wangu, kwamba vipande vyote ni vya baba yake, kwamba mimi ni mwongo. Baadhi walinitukana, na haki yao. Wengine walidhani akaunti yangu imeingiliwa na mtu anayetumia jina langu kunichafua. Mzee wa Posta akajibu kwa upole: mwombe huyo bibi apige kipande kimoja, aseme jina la baba yake kwa sauti yake mwenyewe, nasi tutasahihisha kila mahali.

Nilidhani nimepata mlango wa kutokea. Nikamwendea Rukia nikamweleza.

"Nipige," aliniuliza, "ili waniamini mimi, au wakusamehe wewe?"

Nikamwambia basi nitaliandika jina mimi mwenyewe, leo hii. Hapo ndipo aliponyanyua sauti kwa mara ya kwanza.

"Usithubutu! Jina la baba usiliandike popote. Ushasema vyote ni vyako. Likitoka kwenye mkono wako watasema na baba pia umembuni!"

Miezi michache baadaye akadai talaka. Nilimpa. Ningemzuia kwa lipi?

Mwaka uliofuata Bi Zuwena alifariki. Nilikwenda maziko, nikasimama nyuma ya watu wote. Hakuna aliyenifukuza, wala aliyenipa mkono. Na Rukia, nasikia, hajagusa gitaa tangu alipotoka kwangu. Kaka zake walishindwa kumkataza kwa miaka, mimi nikaweza bila hata kumkataza.

Lile jukwaa nalo likafungwa. Siku moja nilifungua anuani yake nikakuta ukurasa mtupu. Ungamo langu likafutika pamoja nalo, lakini zile sidii hazikufutika. Hivi karibuni nimeona kwenye mtandao video ya kijana wa nchi ya mbali akifundisha kile kipande cha mlangoni, polepole, kidole kwa kidole. Amekishika vizuri. Na anasema kinaitwa kipande cha Nassor. Nilimwandikia kumweleza. Akanishukuru kwa unyenyekevu wangu!

Ndugu zangu wasomaji, labda nyinyi hampigi gitaa. Lakini kila mmoja wenu amefundishwa kitu na mtu: kushona, kupika, kukariri, kufunga nyavu. Siku ukisifiwa, mtaje aliyekufundisha palepale, kabla hujameza mate. Usiseme nitamtaja kesho. Mimi nilisema kesho, na kila Ijumaa ilipofika ile sentensi moja ilikuwa imekuwa nzito zaidi, mpaka ikanishinda kuinyanyua. Na kama mtu amekukabidhi jina la mzazi wake aliyekufa, jua amekukabidhi kitu ambacho huwezi kukilipa ukikipoteza. Nawasihi, msipite nilikopita.

Mmeona kwamba katika maelezo yote haya sikulitaja jina la yule baharia. Kabla ya kuandika nilimtuma dada mmoja, jirani yao wa Kiembe Samaki, akamwombe Rukia ruhusa nilitaje humu, japo mara moja, lisomwe na watu.

Dada yule alirudi siku ileile. Nikamuuliza, amesemaje?

"Amesema uandike lako. Ndilo ulilolitaka."