Siku Jua Lilipofagia Anga

Kaswera aligongana na Rodrigue katikati ya mtaa wa Birere, Goma, yeye na kitenge chake cha njano na haraka zake, mwanaume amebeba paneli ya sola kichwani.

"Pardon, mama. Sikukuona."

"Na muzigo ya namna hii utaona nani?"

Wakacheka palepale, watu wakiwasukuma kila upande.

Wiki hiyohiyo Rodrigue, fundi wa sola, akapanda paa la kina Kaswera, mtaani Katindo, kufunga paneli na batri za mashine ya Kaswera. Kwa mashine hiyo Kaswera, mwalimu wa fizikia, alihesabu chembe zinazomwagika kutoka angani na kupenya mabati na miili ya watu bila hodi. Mchana huzidi kidogo, usiku hupungua.

"Na mi, zinanipitia?" Rodrigue akauliza.

"Zinakupitia, sheri. Ni mi tu nitabakia."

Mapenzi yakashika moto. Papa yake Kaswera, Muzee Télesphore, mfanyabiashara wa Butembo, hakufurahi. "Bakwetu, batu ba Butembo, bamejaa Goma, weye unaona tu fundi wa Masisi? Utalia."

Asubuhi moja hesabu ya chembe ikaporomoka. Goma nzima inajua michezo ya mafundi: batri mpya hutoka, kuukuu huingia, na mashine hukosa nguvu. Na ufunguo wa paa alikuwa nao Rodrigue. Kaswera akampigia simu.

"Ulibadilisha batri yangu?"

"Unaniita mwizi, Kaswera?"

"Nakuuliza tu."

"Hapana. Ni papa yako anauliza, kwa kinywa yako."

Jioni Rodrigue akarudisha ufunguo kwa mzee, akaondoka. Kaswera akafunga batri nyingine. Hesabu ikabaki chini vilevile.

Kesho yake akampigia simu Fabiola, mwenzake mwenye mashine kama hiyo Bukavu.

"Kwako pia zimeshuka?" Fabiola akauliza. "Jua limelipuka, dada! Upepo wake umefagia anga, chembe hazitufikii."

Kaswera akakata simu. Fundi angekuwa wa Butembo, yeye angeichunguza mashine kwanza kabla ya kumshuku. Alilijua hilo, na lilimchoma moyo. Akajipamba, akatoka.

"Unaenda wapi?" Muzee alisimama mlangoni.

"Kwa Rodrigue, kuomba pardon."

"Mwanamuke anajipeleka kwa mwanaume? Batu batasema nini?"

"Baseme, papa. Mi njo nilikosa, mi njo nitatembea."

Akampita. Alimkuta Rodrigue juu ya ngazi mbele ya duka lake, wateja wamejaa.

"Rodrigue! Nilikuita mwizi, kumbe ni jua. Nilikosa. Unisamehe."

"Ungesema kwa simu."

"Kwa simu nani angesikia? Nataka batu bote basikie."

Watu wakatega masikio.

"Na papa yako?"

"Atakasirika. Atakasirika tena siku utaleta dot, mahari yangu, sababu mi nataka unioe."

Akina mama wakapiga vigelegele. Rodrigue akashuka polepole, macho yamelowa, akasimama mbele yake.

"Kaswera, mwanaume njo anaombaka."

"Basi omba," akamwambia. "Niko hapa."