Mwenyeji Huonja Kwanza

Shemeji Damiano alinituma nipeleke dumu la ulanzi kambini kwake kabla giza halijaingia, kisha nirudi. Basi. Mtu ana degree ya Tourism, upper second, halafu anatumwa pombe.

Sikukataa. Nilikuwa nalala kwenye kochi lake Mjimwema, nakula ugali wake, na kesho yake asubuhi nilikuwa na interview Makambako, kampuni ya maparachichi. Ya kwanza kuitwa tangu nimalize chuo. Blauzi nilishaipiga pasi, inaning'inia mlangoni. Nikipeleka dumu, ataniachia Probox niende nayo huko. Hiyo ndiyo ilikuwa deal.

"Umimine wewe mwenyewe, shem," alisema akinipa funguo. "Mzee Kasimiri, mlinzi wangu kule, mikono haimtii siku hizi."

Dada yangu Fidelia alikuwa mlangoni, tumbo limeshuka, amebakiza siku chache ajifungue. "Si uende mwenyewe, baba? Hilda ana mambo yake kesho."

Shemeji akainama kukaza kifuniko cha dumu. Wala hakumtazama.

Kambi yenyewe iko kaskazini ya mji wa Njombe, ndani kabisa ya mashamba ya paini ambako hata bodaboda wanakugomea. Mgeni anaingia na gari hadi ubavuni mwa hema. Shemeji hujisifu kwamba imejaa mwaka mzima. Mimi mtalii wa kwenda huko sijawahi kumwona, lakini anayekulisha humuulizi sana.

Mvua ya Machi ilikuwa imekatika. Ukungu umeshuka hadi kwenye boneti. Geti ni gogo moja limelazwa juu ya mbao mbili, na nyuma yake alisimama mzee mwenye koti refu jeusi, vifungo hadi shingoni. Aliliinua gogo akiwa upande wake. Hata ncha ya buti haikuvuka.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mzee. Shikamoo. Nashusha dumu nageuza, nina safari."

"Marahaba. Wote waliokuja walikuwa na safari."

Magari yalikuwepo kweli, kila moja kando ya hema lake. Lakini majani ya paini yalikuwa yamefika kwenye vioo. Matairi yamezama ardhini. Moja lilikuwa na namba zile za TZ, za tangu niko mdogo. Na harufu... ulanzi uliochacha, blanketi bichi, udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Wageni wako wapi?"

"Wamelala. Mimina, wasije wakaamka na kiu."

Mama alitulea hivi: ukimpa mtu ulanzi, onja kwanza, aone hakuna sumu. Hata ukiwa na haraka. Degree haifuti malezi. Nikamimina kwenye kikombe cha bati, nikaonja, nikampa kwa mikono miwili.

Hakupokea. Alikuwa analia.

"Mwenyeji hapa nani?" akanong'ona.

"Si wewe, mzee?"

"Mwenyeji ni aliyeonja kwanza, mwanangu."

Akakichukua, akanywa chote, akafuta mdomo kwa mkono ambao haukutetemeka hata kidogo. "Teodora wangu bado anauza chai stendi ya Makambako?"

"Simjui."

"Sio kosa lako."

Akainama, akapita chini ya gogo. Ukungu ukamfunika. Nilisikia buti zake kwenye matope... kisha kimya.

Nikawasha gari. Nikaliinua gogo, nikatoka getini, nikashuka mteremko, nikakata kona. Paini. Paini. Paini. Gogo juu ya mbao mbili.

Nimepotea tu, nikajiambia. Ukungu huu. Nikageuza, safari hii taratibu, kichwa nje ya dirisha. Gogo lilelile. Nikaacha gari nikakimbia kwa miguu hadi kifua kikawaka moto.

Gogo.

Hapo ndipo zipu ya hema la kwanza ilipofunguka. Polepole... jino kwa jino.

Mkono ukatoka chini kabisa, kucha zimejaa udongo. Umeshika kikombe.

"Mwenyeji... kiu."

Zipu nyingine. Na nyingine.

Nilimimina. Wewe ungefanyaje? Nilionja kila kikombe, maana bila kuonja mkono haurudi ndani. Dumu halikuisha. Halijaisha hadi leo.

Kulipokucha, nikipanda juu ya boneti, simu ilishika network. Meseji ya shemeji: "Nisamehe shem. Nilijenga kambi juu ya makaburi yao. Walimtaka Fidelia na mtoto."

Kisha akapiga dada mmoja wa kampuni ya maparachichi. "Mbona hujafika? Nafasi tumempa mwingine."

"Nimepata kazi," nikamwambia. "Permanent and pensionable."

Fidelia hupiga kila siku. Sipokei. Nikimwambia nilipo atakuja, na akija atanibebea kitu cha kunywa, na ataonja kwanza. Tumelelewa na mama mmoja.

Koti la Mzee Kasimiri liko pale barabarani, nje kidogo ya gogo. Limelala chali, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Buti zimesimama mbele yake. Ndani hamna mtu. Mvua inalinyeshea, nami nalitazama kila asubuhi. Najua maana yake, sihitaji kufundishwa: alitoka, lakini hakufika popote.

Lakini liko upande wa nje.

Kwa hiyo, graduates wenzangu mnaozunguka na vyeti kwenye bahasha za kaki, nafasi ipo. Experience haihitajiki, connection haihitajiki. Ukifika Njombe shika njia ya mashamba ya paini, uje jioni jioni, ukungu ukianza kushuka. Gogo nitakuinulia mimi.

Dumu lipo. Utamimina wewe.